Paneli ya sola na betri ya gari lisilotembea: uzoefu wangu

Gari langu hukaa zaidi kuliko linavyotembea. Kazi hunichukua wiki kadhaa mfululizo, kisha narudi na kulihitaji kesho yake asubuhi. Wenye magari ya namna hii wanajua yanayofuata: unabonyeza rimoti, kimya, unazungusha ufunguo, stata inagonga tu bila kuzungusha injini, unaanza kutafuta mtu mwenye waya za kubusti. Adha hiyo kwangu imekwisha, na kilichoimaliza ni paneli ya wati 20 ambayo kila upande wake haufiki nusu mita.

Ila sikuanza na paneli. Nilianza na mita ya kupimia umeme, na kila anayeniuliza namwambia aanze hapo. Gari likiwa limezimwa na kufungwa, bado linakula umeme: alamu iko macho, rimoti inasubiriwa, saa inatembea, kompyuta inatunza kumbukumbu zake. Nilichomoa waya wa hasi kwenye betri, nikaweka mita kati ya waya huo na terminali, kwenye kipimo cha ampea 10, milango ikiwa imefungwa. Mwanzoni mita husoma namba kubwa kwa sababu kompyuta za gari hazilali papo hapo. Nyingine huchukua nusu saa au zaidi. Ukisoma mapema utaogopa bure. Na usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo katikati, maana utaunguza fyuzi yake.

Namba ilipotulia ilikuwa miliampea 35. Kwa gari la kisasa hiyo ni kawaida. Mengi hucheza kati ya 20 na 50. Ingekuwa mia kadhaa, ningemwita fundi umeme atafute kinachovuja kabla ya kufikiria sola. Sasa piga hesabu: ampea 0.035 kwa saa 24 ni kama ampea-saa 0.84 kwa siku (ampea-saa ni kipimo cha kiasi cha umeme betri inachobeba au kutoa). Kwa mwezi ni 25. Betri yangu ni ya ampea-saa 60, na yenyewe hupungua kidogo hata isipounganishwa na kitu, hasa kwenye joto. Haba na haba hujaza kibaba, na hukikausha vilevile. Mwezi wa pili ukiisha, stata haina cha kuizungusha.

Kinachouma zaidi si kushindwa kuwasha siku hiyo. Betri ya risasi na asidi ikikaa muda mrefu bila chaji ya kutosha, salfeti hugandamana kwenye sahani zake, na zile chembe zikishakuwa ngumu hazirudi zilikotoka. Ndiyo maana betri iliyolala mara kadhaa huchajiwa ikaonekana imejaa, lakini haikai na chaji.

Kabla sijaenda mbali, niseme wazi kwamba wapo wasiohitaji paneli kabisa. Kama gari lako ni la zamani, halina alamu wala redio inayodai namba ya siri, legeza nati, chomoa waya wa hasi, nenda zako. Hiyo dawa haigharimu kitu. Langu likichomolewa hivyo vioo vya umeme hupoteza mpangilio, na alamu, ambayo ndiyo naitaka iwe macho nikiwa mbali, inazimika. Ile desturi ya kumwachia mtu ufunguo aliwashe dakika kumi kila wiki siipendi. Injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta muda mfupi hivyo, alteneta haipati nafasi ya kuijaza betri, na injini isiyopata moto wa kutosha hubaki na unyevu kwenye oili na kwenye ekzosi.

Vipaneli vinavyouzwa kwa kazi hii mara nyingi ni vya wati chache, vya kulaza juu ya dashibodi na kuchomeka kwenye tundu la kiwashio cha sigara. Wazo zuri, lakini lina mitego miwili. Kwanza, kwenye magari mengi tundu hilo hufa ukitoa ufunguo, kwa hiyo paneli inaota jua bila kupeleka kitu popote. Jaribu kwa kuchaji simu gari likiwa limezimwa. Simu isipochaji, na betri haitachajiwa. Pili ni kioo. Nilipima paneli ya wati 5 niliyoazima: juani ilitoa karibu ampea 0.28, ikilazwa nyuma ya kioo cha mbele ikashuka hadi kama nusu ya hapo. Ukipata saa nne za jua kali, ni ampea-saa 0.6 hivi. Gari linakula 0.84. Kipaneli kile kingechelewesha tatizo tu.

Ndipo nikachukua ya wati 20 na kuifunga juu ya paa la banda la gari, ikiwa imeinama ili mvua iioshe. Jua likiwa zuri inatoa zaidi kidogo ya ampea moja. Hiyo ni mara nyingi ya mahitaji yangu, na ndivyo nilivyotaka, kwa sababu siku ya mawingu mazito paneli inaweza kutoa sehemu ya kumi tu ya uwezo wake. Kivuli nacho si cha kuchezea. Seli zimeungwa kwa mfuatano, hivyo tawi moja likitupa kivuli kwenye kona, paneli nzima huzubaa.

Kwa ukubwa huo kontrola ya chaji, kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, ni lazima. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufika volti 21 au 22 isipokuwa na mzigo, na ikiachwa iisukume betri iliyojaa siku baada ya siku itachemsha maji yake. Vipaneli vya wati mbili tatu huishi bila kontrola kwa kuwa mkondo wake ni mdogo mno, mradi viwe na diodi ya kuzuia umeme usirudi kwenye paneli usiku. Kontrola yangu, betri ikishajaa, huishikilia kwenye volti 13.7. Nimeiweka kwenye mpangilio wa betri zilizofungwa, maana ule wa betri za maji hupandisha volti juu zaidi kila baada ya muda, na betri za AGM (aina ya betri zilizofungwa, ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya ndani) hazipendi hivyo. Jambo ambalo maboksi hayalisemi kwa sauti: kontrola yenyewe inakula. Yangu hula miliampea 10 hivi usiku na mchana. Ukiwa na kipaneli kidogo, hilo pekee linaweza kumeza sehemu nzuri ya mavuno.

Kufunga kulikuwa rahisi kuliko hesabu. Nilibana waya wawili wenye pete moja kwa moja kwenye terminali za betri, na kwenye waya wa chanya nikaweka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka popote pale fyuzi ikate kabla ya moto. Kontrola huungwa na betri kwanza, ndipo paneli. Kutoa ni kinyume chake, paneli kwanza. Kontrola nyingi husoma volti za betri zinapowashwa ili zijipange, na paneli ikitangulia zinaweza kuchanganyikiwa. Waya unaotoka kwenye boneti nimeupitisha pembeni pasipobanwa, ukaishia kwenye plagi ya kuchomoa upande wa dereva. Upande huo nimeuchagua makusudi: siwezi kufungua mlango bila kuiona, kwa hiyo siondoki nikiburuta paneli.

Betri niliijaza kwanza kwa chaja ya umeme wa nyumbani. Paneli hii ni ya kulinda chaji iliyopo. Ukiipa betri iliyokwisha kabisa itahangaika nayo siku nyingi huku salfeti ikiendelea kuganda.

Kuhusu kupima, usidanganywe na volti 13.7 za mchana. Hizo ni za kontrola. Napima alfajiri kabla jua halijagusa paneli, au nachomoa plagi jioni na kusoma asubuhi. Betri nzima iliyojaa hutoa 12.6 hadi 12.7; 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Yangu hunipa 12.7 hata baada ya safari ndefu, na stata huitika mara moja.

Nikirudi napangusa vumbi na mavi ya ndege kwenye paneli, na kama betri ni ya kujaza maji, vifuniko vifunguliwe vikaguliwe. Ni maji yaliyosafishwa tu yanayoongezwa, si ya bomba. Matairi nayapima upepo kivyake. Sola haina habari nayo.