Kumfunza Njugu Kujisaidia Mahali Pake: Kumbukumbu ya Mradi Wangu

Njugu ni mbwa mdogo wa kike wa aina ya Maltese, wa miezi mitatu, nasi tunaishi orofa ya juu katika mtaa wa Section 58, Nakuru. Kwa kuwa chanjo zake hazijakamilika, daktari wa mifugo ameagiza asikanyage nyasi zinazopitwa na mbwa wengine, maana virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa mbwa, huweza kudumu ardhini kwa miezi mingi. Kwa hiyo lengo la awamu hii ni kumzoesha nyasi akiwa bado roshanini.

Alikotoka alilelewa juu ya magazeti, na mbwa huizoea mapema sana sakafu anayojisaidia juu yake. Ndiyo maana gazeti lolote lililoanguka karibu na kochi kwake lilikuwa choo. Nilinunua ukoka kwa muuza miche, nikaupanda ndani ya karai la fundi lililotobolewa chini, kisha nikatandika gazeti juu yake. Gazeti hilo nimekuwa nikilichana pembeni kidogo kidogo hadi likabaki kipande cha ukubwa wa kiganja, na sasa kimeondolewa.

Kazi kubwa imekuwa ya saa. Inakadiriwa kwamba mtoto wa mbwa huweza kujizuia saa moja hivi kwa kila mwezi wa umri wake, lakini wa aina ndogo, wenye kibofu kidogo, mara nyingi hawafiki hapo. Njugu pia hulishwa mara nne kwa siku, kwa kuwa sukari ya damu hushuka upesi katika mwili mdogo kama wake, na kila mlo huleta haja. Humpeleka karaini anapoamka, anapomaliza kula na anapoacha kucheza. Akiacha mwanasesere wake ghafla, akainusa mistari ya vigae na kuanza kuzunguka nyuma ya mguu wa meza, hakuna muda wa kutafuta ndala. Akimaliza, hupewa kipande cha ini la kuku papo hapo. Akicheleweshewa, hatajua anasifiwa kwa lipi.

Mzee jirani, mfugaji wa miaka mingi, alinishauri nimsugue pua kwenye mkojo. “Mwanangu, mbwa husomea puani,” alisema. Nilimshukuru, ila sikumfuata, kwa sababu mbwa aadhibiwaye hivyo hujifunza kumficha mwenye nyumba tu. Mkojo husafishwa kwa siki iliyochanganywa na maji. Dawa za sakafu zenye amonia siziruhusu, kwani harufu yake hukaribia ya mkojo na humwita arudi palepale.

Tatizo lililobaki ni usiku. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku huwa na baridi, na mvua ikinyesha Njugu hukataa kabisa kukanyaga ukoka uliolowa. Nadhani ningekuwa na uzito wake ningekataa pia. Nimefunga turubai juu ya karai na kulisogeza karibu na mlango, na ajali za usiku zimepungua ingawa hazijaisha. Atakapopata chanjo ya wiki 16 na daktari akaridhia, karai litateremshwa hadi kwenye nyasi za nyuma ya jengo pamoja na ukoka uleule wenye harufu yake.