Doa la tetekuwanga si kovu, usilichome

Kabla hujanunua krimu, zima taa usiku, kaa mbele ya kioo, kisha washa tochi ya simu na uishike ubavuni mwa shavu ili mwanga upite juu ya ngozi. Penye shimo utaona kivuli. Pakiwa peusi tu bila kivuli, hilo ni doa, na doa hufifia lenyewe. Kwa ngozi nyeusi huchukua miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi.

Kinacholirefusha doa ni jua, na Mtwara jua halipoi. Paka losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Kamua mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, itoshe uso na shingo. Rudia kila saa mbili, maana jasho la pwani huiosha. Ongeza kofia pana au mtandio.

Limau usipake: ukitoka nalo juani linaunguza, na weusi unazidi. Mafuta ya ganda la korosho ndiyo kabisa usiyaguse. Yanasifiwa kuondoa sunzua kwa sababu yanachoma nyama, na wabanguaji wanajua yanavyowababua vidole. Mkorogo wenye steroidi kali nao huikondesha ngozi, na shimo linaonekana zaidi.

Shimo lenyewe ni habari nyingine. Nyuzi zinazoshikilia ngozi zimeliwa na uvimbe, mara nyingi kwa kubandua gamba au kuingia usaha, na hakuna mafuta ya kulijaza. Mashimo yasiyo na kina husaidiwa kiasi na tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A, asilimia 0.025: tone la ukubwa wa punje ya njegere, uso mzima, usiku, mara mbili kwa wiki kwanza. Mjamzito asiitumie. Yenye kina ni ya daktari wa ngozi, kwa sindano ndogondogo au asidi inayodondoshwa ndani ya shimo. Saluni hapana. Kovu lililovimba na kutambaa nje ya mpaka wake ni keloidi, usilitoboe.

Mtoto akiwa bado na magamba, hapo ndipo kovu huzuilika: kucha fupi, losheni ya kalamaini kwa muwasho, asipewe aspirini. Kipele kikitoa usaha, kikiwa chekundu na cha moto pembeni, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.