Wati mia zilitosha, tatizo lilikuwa mchanga

Kwa asiyeijua Kwajalein: ni pete ya visiwa vya matumbawe katika Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki. Jeshi la Marekani hulenga huko makombora ya majaribio yanayorushwa kutoka Vandenberg, California, zaidi ya kilomita 6,000. Kabla kombora halijaruka, lazima ijulikane hakuna mtu wala boti mahali pasipotakiwa. Mimi, mtoto wa Tanga, nilikuwa fundi wa mkandarasi mmoja, na kazi yangu ilikuwa walinzi wa visiwa vya mbali wasikike makao makuu.

Redio za VHF, ambazo mawimbi yake huenda karibu moja kwa moja bila kufuata mviringo wa dunia, nilizikatia tamaa mapema. Visiwa vile vimeinuka kama mita 2 tu juu ya maji. Watu wawili wenye redio za mkononi wanasikilizana kilomita 11 au 12, kisha dunia inajikunja na kuwaficha. Mmoja akiwa na mlingoti wa mita 20, labda kilomita 24. Mlinzi wetu wa mwisho alikuwa mbali zaidi ya mara tatu ya hapo. Ikabaki HF, redio ya mawimbi marefu zaidi yanayofika mbali, ile ambayo nyumbani tuliiita simu ya upepo.

Nikasimamisha antena katikati ya kisiwa, kivulini kwa minazi, nikapigilia chuma cha ardhi, yaani nondo inayounganisha redio na udongo, nikawasha. Kimya. Mara moja moja inasikika sauti kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nikamweleza mkubwa wangu, aliyekuwa kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Jibu lake: "Ongeza nguvu." Wakaniletea mtambo wa wati 500. Ulikula betri mbili kabla ya chakula cha mchana, kebo ikapata moto kiasi cha kunukia, na sauti ikabaki ileile ya mtungini. Waliotushauri hivyo hawajawahi kuchimba kisiwa cha matumbawe: mchanga mkavu juu, jiwe chini, chuma chako cha ardhi kimesimama tu kama mti wa bendera.

Jioni nikakaa nakula wali na samaki wa kopo, nikamkumbuka mjomba. Pale parokiani kwetu kulikuwa na simu ya upepo, na kila kiangazi ikianza kukwaruza, mjomba alitutuma watoto na ndoo tukamwagie maji chuma chake. "Hata redio ina kiu," alikuwa akisema. Tulidhani anatutafutia kazi.

Na mimi nimezungukwa na bahari! Maji ya chumvi hupitisha umeme maelfu ya mara kuliko mchanga mkavu. Asubuhi nikang'oa kila kitu, nikahamishia antena ufukweni, pale wimbi linapoishia. Nikakata waya wa shaba vipande vinne (dola thelathini na kitu, nilitoa mfukoni kwa sababu maombi ya vifaa huchukua wiki), nikavilaza majini na kuvigandamiza kwa mawe. Nikarudisha mtambo wa kwanza, wa wati 100. Nikaita mara moja.

"Unasikika vizuri sana, uko kisiwa gani?"

Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ila maji yakapwa, waya mbili zikabaki zinaning'inia mwambani, na mtungi ukarudi. Basi ukifanya hivi, pima urefu wa waya wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, na uongeze. Viungo vipake grisi nene, chumvi haina huruma.

Aibu yangu niitaje pia. Mpango mkubwa uliandikwa kwa saa za Greenwich, kwa kuwa Kwajalein ikiwa Alhamisi asubuhi, California bado ni Jumatano. Kikaratasi cha zamu nilikiandika mwenyewe kwa saa za pale, na kichwa changu kilikuwa Tanga: nikaandika 0100 nikimaanisha saa moja asubuhi. Mzee wa Kimarshall aliyeendesha boti akanigongea mlango saa saba usiku, amevaa koti la mvua, injini inanguruma gatini. Hakuniuliza kitu. Alinionyesha karatasi tu.

Siku ya jaribio walinzi wote waliitika kwa zamu, wa mbali kuliko wote akiwa wa kwanza. Mkubwa wangu akaniuliza ule mtambo wa wati 500 nimeuweka nguvu kiasi gani. Nikamwambia ninaukalia, kiti kilivunjika.