Siku yangu na kimeng'enya kinachonyoa pamba

Saa 1 asubuhi. Napokea zamu kiwandani, hapa Dar es Salaam. Kaka wa usiku ananiambia mashine namba mbili imemaliza kupausha kilo 300 za kitambaa cha fulana, pamba tupu. Nakata kipande, nakikunja juu ya kidole na kukielekeza dirishani. Kwenye mkunjo yamesimama manyoya membamba kama ya kifaranga. Hayo ndiyo kazi yangu. Yakiachwa, yatasuguana na kusokotana mpaka fulana iote vidonge, na mwenye fulana ataiona imechakaa kabla ya wakati wake.

Saa 2 na nusu. Maji ya kupaushia huacha haidrojeni peroksaidi, nayo huharibu kimeng'enya, yaani protini itakayokata manyoya hayo. Naweka katalasi, kimeng'enya kingine kinachovunja peroksaidi hiyo, dakika 15, napima tena kwa karatasi. Safi.

Saa 4 kasoro dakika 10. Asidi asetiki kidogo, harufu ya siki inapanda, pH, kipimo cha ukali wa asidi, inatua kwenye 5. Joto nyuzi 55. Sasa selulasi, kimeng'enya chenyewe: asilimia 1 ya uzito wa kitambaa, yaani kilo 3. Glavu na barakoa lazima, kwa kijana mgeni na kwangu pia, maana unga au ukungu wa vimeng'enya ukivutwa mara kwa mara unaleta pumu.

Selulasi hukata minyororo ya selulosi, ambayo ndiyo pamba yenyewe. Molekuli yake ni kubwa, haipenyi upesi ndani ya uzi, kwa hiyo huanza na manyoya yaliyochomoza. Msuguano wa mashine humalizia kuyang'oa. Kuvu maarufu wa kuitengeneza, Trichoderma reesei, alipatikana Visiwa vya Solomon wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akila mahema ya pamba ya jeshi la Marekani. Mlaji yule yule leo tunampa kazi ya kulainisha, ila lazima ujue saa ya kumsimamisha.

Saa 5 kasoro dakika 20. Muda umetimia, natakiwa kupandisha joto hadi 80 kwa dakika 10 ili kimeng'enya kife. Mvuke unakatika. Kipimo kimegoma kwenye 58.

"Dada, tusubiri kidogo, boila inarudi," kijana anasema.

Hatusubiri. Kila dakika inayopita sasa inaliwa kutoka kwenye uzi wenyewe. Nakoroga magadi kwenye ndoo, tunayaingiza taratibu, pH inapanda 8, 9, kisha inavuka 10. Hapo selulasi yetu, inayofanya kazi kwenye asidi tu, haina nguvu tena. Tunamwaga maji, tunasuuza.

Saa 7, wali na maharage, haraka.

Saa 9. Asubuhi nilishona kingo za kipande cha gramu 50 nikakitumbukiza pamoja na mzigo. Kimekauka, kimepumzika, mizani inasema 48. Asilimia 4 imekwenda. Ingevuka 5 ningekuwa na hofu ya kitambaa kupasuka. Nakikunja tena juu ya kidole dirishani. Ukingo umenyooka, hauna unyoya hata mmoja.

Kabla ya kuingiza rangi, kijana anafungua daftari la zamu, anaandika dakika magadi yalipoingia, kisha ananiuliza ni gramu ngapi kwa lita. Namtajia, naye anaandika.