Dakika Thelathini na Nane

Shule zilipofungwa Machi 2020, nilibandika ratiba ukutani kama mwalimu mkuu: saa mbili Hisabati, saa tatu Kiingereza, saa nne chai. Mwanangu alikuwa darasa la tatu. Ratiba ilidumu siku tano. Siku ya sita nikaikuta imefungiwa maandazi.

Aliyeyafunga ni mama mkwe wangu, anayevua pweza hapa Tanga tangu ujana wake. Bamvua likifika, maji yakakupwa hadi miamba ikabaki mitupu, yeye na wenzake huteremka na vyuma vyao kuchokoa mapangoni. Mtoto naye akaanza kumwandama.

"Bibi, juzi tumeshuka saa tatu, leo mbona saa nne na robo?"

"Kauulize mwezi," Bibi akamjibu, akaendelea na shughuli zake.

Basi jioni ile saa yangu ya mkononi ikapata mwenyewe mpya. Alichomeka kijiti kando ya jiwe, akawa anakaa hapo kila siku mpaka maji yaache kurudi nyuma, kisha anaandika saa nyuma ya daftari la Sayansi. Kutoa saa na dakika, hesabu iliyomliza muhula mzima, alikuwa akiifanya mchangani kwa kidole, akifuta kwa kisigino. Hakuna aliyemtuma. Mimi nilikuwa nachungulia tu kwa mbali, roho kwatu.

Ningebaki kuchungulia ingekuwa heri. Lakini nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, na daftarini mwake naona 38, 40, 41. Nikamwambia amekosea kusoma saa. Nikachukua kalamu nyekundu (sijui hata niliitoa wapi, nyumbani kwetu hatuna mwalimu), nikakata zote, nikaandika 50.

Hakubisha. Alifunga daftari. Siku tatu hakukanyaga pwani, akawa wa katuni asubuhi mpaka jioni.

Nikampelekea Bibi mashtaka, nikitarajia aniunge mkono. Alikuwa uani akimponda pweza juu ya jiwe ili alainike.

"Nani kakwambia maji yanachelewa sawasawa?" akauliza bila kuinua kichwa. "Siku za bamvua yanachelewa kidogo. Maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, ndiyo yanayojikokota, siku nyingine hata saa nzima na zaidi. We umemsahihisha mtoto au umeisahihisha bahari?"

Kumbe ile 50 ilikuwa wastani tu. Mtoto alikuwa ameisoma saa vizuri, nami nimemkata.

Nilimkuta chumbani. Nikamwambia, "Nisamehe, baba. Bibi anasema hesabu zako ndizo za kweli." Hakunitazama. Baada ya kitambo akauliza maji mafu yanaanza lini.

"Sijui."

"Basi kesho twende wote. Wewe utashika saa."

Kesho yake, jua la mchana likiwaka, nilikaa juu ya jiwe lenye chaza huku nguo ikinitatukia. Maji hayakwenda mbali kama siku zile. Yalirudi nyuma pole pole, yakawa kama yamesimama. Nikafungua mdomo nimwambie yameshageuka. Akaninyooshea kiganja, macho yako kwenye kijiti.

Yalikuwa bado.