Tairi la 150 kwenye rimu ya 3.50: nilichopima kabla ya kulitoa

Tairi la nyuma la pikipiki yangu lilitoka kiwandani likiwa 130/70-17, na rimu imegongwa 3.50, yaani upana wake wa ndani ni inchi tatu na nusu. Nilifunga 150/60-17 kwa sababu moja tu: ukiitazama pikipiki kwa nyuma, inapendeza. Hesabu nayo ikanitia moyo. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya katikati ni kimo cha ukuta (ubavu wa tairi) kama asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi; kwa hiyo ukuta wa 130/70 una kimo cha milimita 91 na wa 150/60 una 90. Nikaona ni kitu kilekile.

Nilichokisahau ni rimu. 150/60 hukaa sawasawa kwenye rimu ya 4.00. Kwenye 3.50 kingo zake (sehemu zinazoshika rimu) hubanwa kwa ndani, kuta husimama wima na mgongo hupanda kama ncha ya yai. Kwa kawaida rimu ikipungua nusu inchi, tairi hupungua upana kwa takriban milimita 5. Maana yake nililipia 150, nikapata kama 145.

Barabarani pikipiki ilijilaza yenyewe ghafla kwenye kona kabla sijamaliza kuilaza, na kwenye barabara iliyonyooka usukani ukawa mwepesi kupita kiasi. Ili nione kinachogusa lami, nilichora mistari ya chaki kukatiza kashata (sehemu ya tairi inayokanyaga lami), kutoka bega hadi bega, nikaendesha mita 50 moja kwa moja pakavu. Chaki ilifutika ukanda mwembamba tu katikati. Na baada ya siku kadhaa za kona, vile vinyweleo vya mpira vya tairi jipya bado vilikuwa vimesimama mabegani. Upana wote ule niliubeba bure.

Kinyume chake pia kina shida. Tairi jembamba kwenye rimu pana hutandazika, mgongo ukawa bapa. Pikipiki hukataa kulala, kisha ghafla inadondokea ukingoni. Tairi lililolika katikati kwa safari ndefu zilizonyooka hufanya vivyo hivyo, na wengi hukimbilia kulaumu shokomzoba.

Kilichoniamulia ni cheni. Nilisukuma gurudumu mbele kabisa kwenye viregesho vyake (skrubu za kukaza na kulegeza cheni), pale linapokaa cheni ikiwa mpya, maana hapo ndipo tairi linapokaribiana zaidi na mkono wa nyuma (chuma kinachoshika ekseli ya nyuma). Nikapitisha vipande vya kadibodi kati ya tairi na cheni huku nikizungusha gurudumu kwa mkono. Nafasi ilikuwa milimita 3. Mimi sikubali chini ya 5 kila upande, pamoja na kwenye madigadi, kwa sababu tairi hutanuka kwenye mwendo na cheni hucheza pembeni. Kuna mafundi watakaokushauri uweke washa (pete bapa ya chuma) ili kusogeza sproketi au gurudumu. Usikubali: cheni ikipinda, meno ya sproketi huliwa upande mmoja; na gurudumu likihama, la nyuma halifuati njia ya la mbele.

Nilifikiria pia 130/80-17, linaloingia bila kugusa pembeni. Ukuta wake ni milimita 104, hivyo mkia unapanda 13. Kwa pikipiki yenye milimita 1350 kati ya ekseli mbili, foku (nguzo mbili zinazoshika gurudumu la mbele) zinasimama wima zaidi kwa karibu nusu digrii, na usukani unazidi wepesi. Mzunguko wa gurudumu unaongezeka asilimia 4: kama spidomita inasoma kutoka gia boksi au gurudumu la nyuma, ikionyesha 100 wewe uko kama 104. Ikisoma gurudumu la mbele, haiguswi.

Nikarudi 130/70-17, nikihakikisha namba ya mzigo na herufi ya mwendo ubavuni haziko chini ya za kiwandani (62S, kwa mfano, ni kilo 265 na kilomita 180 kwa saa). Mshale uelekee gurudumu linakozungukia. Nilipaka maji ya sabuni kwenye kingo, nikajaza upepo hadi zikakaa kwenye rimu kwa mlio pande zote mbili, bila kuvuka presha iliyoandikwa ubavuni. Kisha nikakagua ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu: lazima uwe na umbali uleule mzunguko mzima. Wangu ulikuwa umezama sehemu moja. Nikatoa upepo, nikaongeza sabuni hapo, nikajaza tena, ukapanda. Ukiuacha hivyo, gurudumu linaruka na utadhani rimu imepinda. Mwisho nikashusha hadi presha ya kitabu cha pikipiki, tairi likiwa baridi.

Nilirudia chaki, ukanda ukatoka mpana zaidi. Kilomita 150 za kwanza nililaza taratibu, kwa kuwa mpira mpya huteleza, na baada ya hapo nikapima tena mlegeo wa cheni na kukaza nati ya ekseli.