Kutoka usukani wa kebo hadi wa haidroliki: uzoefu wangu

Usukani wa boti yangu ulikuwa mzito kidogo kidogo, sikutambua mpaka siku niliyohitaji mikono miwili kukata kona. Papo hapo nikailaumu kebo. Nikasoma urefu uliochapwa kwenye ganda lake, nikanunua nyingine, nikashinda kutwa nzima nikiing'oa ya zamani, kwa sababu fimbo yake ya chuma ilikuwa imeganda kwa chumvi ndani ya bomba linalopita kwenye bano la injini. Nilipofunga mpya, uzito ukapungua kidogo tu.

Nilipaswa kupima kwanza. Unafungua mkono unaounganisha kebo na injini, unazungusha usukani ukiwa peke yake, kisha unaisukuma injini kwa mikono kulia na kushoto. Usukani ukiwa mwepesi na injini ikagoma, ugonjwa uko kwenye nguzo ambayo injini hugeukia. Yangu ilikuwa na grisi iliyokauka kama nta. Nikapampu grisi mpya huku nikiigeuza injini, mpaka ile chafu ikatoka yote. Ningekimbilia haidroliki siku ile, yaani usukani unaotumia nguvu ya oili badala ya kebo, ingeisukuma injini kwa nguvu na mimi ningejiona nimepona, kumbe nguzo inazidi kukauka.

Kuhusu grisi ya lile bomba, zingatia hili: irudishe fimbo ndani kabisa kabla ya kupampu. Ukijaza grisi fimbo ikiwa nje, grisi inaweza kuzuia fimbo isirudi na usukani ukakwama.

Kebo ile ilinitumikia vizuri na injini ya nguvu farasi 60. Nilipofunga ya 150, mambo yalibadilika. Propela inapozunguka kwa kasi huivuta injini upande mmoja, na kwa kebo ya kawaida mvuto huo unarudi moja kwa moja mkononi. Ukiachia usukani, boti inageuka yenyewe. Nilirekebisha pezi dogo lililo juu ya propela. Likasaidia kwenye mwendo mmoja, nikiongeza kasi mvuto ukarudi. Viko vichwa vya usukani wa kebo vinavyozuia mvuto huo, lakini kwa injini kubwa kiasi hicho sikutaka tena kutegemea kebo.

Kwenye haidroliki, usukani ni pampu. Inasukuma oili kupitia mabomba mawili ya mpira hadi kwenye silinda iliyofungwa mbele ya injini, na vali zilizo ndani ya pampu huifungia oili isirudi. Ndiyo maana injini inabaki pale ulipoielekeza. Kufunga vyuma hakukunisumbua. Kutoa upepo ndiko kulikonichosha. Mmoja anazungusha usukani, mwingine yuko tezi, nyuma ya boti, akifungua skrubu ya silinda na kuangalia mapovu, upande mmoja kwanza, kisha wa pili, na chupa ya oili juu ya pampu isikauke hata kidogo. Mara ya kwanza ilikauka, pampu ikanyonya hewa, tukaanza upya. Hewa ikibaki, usukani unanesa kama godoro.

Mikono sasa inapumzika, ila nazungusha mizunguko mingi zaidi kufika mwisho, na usukani hauna katikati ya kudumu. Zamani niliujua mwelekeo wa injini kwa kutazama tu usukani. Sasa, kabla ya kuondoka gatini, nageuka kuitazama injini yenyewe. Kwa boti ndogo yenye injini ndogo, ningebaki na kebo bila kusita. Ni rahisi, na haina sili, yaani vizibo vya oili, za kuvuja.

Kila mwaka nachomoa bolti ya silinda, kwa kuwa ikiwa imefungwa vali hazitairuhusu injini isogee, kisha naisukuma kwa mikono kulia na kushoto. Ikigoma, nachukua grisi.